Maji Kwanza, Nyasi Baadaye

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu kuchagua, kununua na kupanda nyasi za nyumbani



Masika yakikaribia, watu wengi waliomaliza kujenga huanza kuutazama uwanja wa mbele ya nyumba. Vumbi linaingia sebuleni, watoto hawana pa kuchezea, na mvua ikinyesha matope hupanda hadi kizingitini. Nyasi huondoa taabu hizi zote. Huzuia vumbi, hushika udongo usichukuliwe na maji ya mvua, na hupunguza joto linalorudi ukutani mchana.

Lakini kuna hasara inayojirudia. Mwenye nyumba hununua nyasi kwanza, huzipanda kwenye udongo wowote, kisha ndipo anapojiuliza maji yatatoka wapi. Nyasi hupendeza wakati wa masika, ila ikifika Januari kaskazi inavuma, mfereji umekauka, na fedha zilizotumika zimegeuka majani makavu. Mazungumzo haya yatafuata mpangilio tofauti: maji kwanza, udongo pili, nyasi tatu.

Hesabu ya maji

Miji ya Kilifi na Malindi hupata maji yake kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Maji hayo yanagawanywa kwa watu wengi, na kila mkazi anajua maana ya kusubiri zamu ya mtaa wake. Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni, mwenye nyumba achukue kalamu na karatasi.

Wakati wa kiangazi hapa Pwani, nyasi zinahitaji takriban lita 4 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku ili zibaki kijani. Uwanja wa mita 10 kwa mita 10 una mita 100 za mraba. Hiyo ni lita 400 kwa siku, yaani mitungi 20 ya lita 20. Tangi la lita 10,000 lililojaa pomoni litakwisha kwa siku 25, na hapo hakuna aliyekunywa, kupika wala kuoga.

Sasa achukue uwanja mdogo wa mita 5 kwa mita 4. Huo ni mita 20 za mraba, na unahitaji lita 80 tu, yaani mitungi 4. Familia nyingi zinaweza kumudu kiasi hicho, hasa zikitumia pia maji ya kusuuzia nguo yasiyo na dawa ya kung'arisha. Maji hayo yamwagwe siku hiyo hiyo, yasihifadhiwe yakaoza.

Maji ya mvua nayo yana hesabu yake. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,000. Hata zikipotea baadhi njiani, lita kama 800 zinaweza kuingia tangini. Mwenye mabati bila mifereji ya paa anaacha maji hayo yamchimbie mitaro uani.

Kwa hiyo ukubwa wa bustani uamuliwe na mitungi inayopatikana Januari, wala si na ukubwa wa kiwanja. Sehemu inayobaki si aibu. Uwanja wa mchanga unaofagiliwa kila asubuhi ni desturi ya Pwani, na ndipo panapoanikwa nazi, mahindi na nguo. Nyasi zipandwe pale zinapohitajika hasa: mbele ya baraza, mahali pa watoto, au kwenye mteremko unaomomonyoka.

Kisima cha chumvi

Nyumba nyingi karibu na bahari zina visima vyenye maji ya chumvi. Maji hayo yanaweza kunywesha nyasi za aina fulani na kuua za aina nyingine, kwa hiyo ni lazima yajulikane mapema.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. Maji ambayo sabuni haitoi povu, na yanayoacha utando mweupe kwenye birika, ni maji magumu yenye chokaa ya mawe ya matumbawe. Hayo hayaui nyasi haraka. Maji yenye ladha ya chumvi ndiyo ya kuogopwa. Dalili yake kwenye mimea ni ncha za majani kuungua na kuwa kahawia ingawa udongo una unyevu. Ikumbukwe pia kwamba kisima kinaweza kuwa kitamu wakati wa masika na kuwa cha chumvi kiangazi kinapokolea. Kionjwe miezi yote miwili, au maji yapelekwe kupimwa.

Nyasi zinazofaa Pwani

Majina ya wauzaji hubadilika kutoka kitalu kimoja hadi kingine, na nyasi zile zile zinaweza kuuzwa kwa majina matatu. Kwa hiyo mnunuzi atazame jani, aulize tabia ya nyasi, na aombe kuonyeshwa mahali zilikopandwa zikakomaa. Kwa ukanda huu, aina tatu zinatosha kujua vizuri.

Ya kwanza ni ukoka. Una majani membamba, hutambaa juu na chini ya udongo, na hupenda jua kali. Ukikosa maji hugeuka rangi ya majani makavu na kulala, kisha mvua ikirudi huchipuka tena. Hii ndiyo sifa yake kubwa: ukoka uliogeuka rangi si lazima uwe umekufa, na mwenye nyumba anaweza kuuacha upumzike kiangazi chote huku maji yakibaki ya watu. Una kasoro mbili. Hauvumilii kivuli, na hutambaa hadi kwenye mboga na maua. Lazima uwekewe mpaka wa matofali au mtaro mdogo.

Ya pili ni paspalamu, nyasi ya asili ya fukwe na vinamasi vya chumvi. Inastahimili maji ya chumvi kuliko nyasi nyingi za bustani, na rangi yake ni ya kijani iliyokolea. Inafaa mwenye kisima cha chumvi. Hata hivyo, kustahimili chumvi si kuishi bila maji. Chumvi ikirundikana udongoni nayo itaumia, kwa hiyo inahitaji kunyweshwa kwa wingi mara moja moja, hasa kwa maji ya mvua, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Ya tatu ni nyasi za Pemba. Zina majani mapana na mashina manene yanayotambaa juu ya ardhi. Hizi ndizo za kupanda chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli cha wastani, mahali ambapo ukoka ungekonda na kufa. Zinahitaji maji zaidi kuliko ukoka, na hazipendi kukatwa fupi sana. Penye kivuli kizito kisichopata jua kabisa, hakuna nyasi itakayofaulu. Hapo paachwe mchanga au pawekwe kokoto.

Wengine huvutiwa na nyasi za Kikuyu walizoziona Limuru au Nairobi. Nyasi hizo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye baridi na mvua ya kutosha. Huku kwenye joto la Pwani zitadai maji mengi na bado hazitakuwa zile zilizoonekana kule. Kizuri cha Limuru kibaki Limuru.

Kununua bila kulaghaiwa

Nyasi huuzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vipandikizi, yaani vipande vya mashina yenye vifundo na mizizi, vikiwa vimetiwa kwenye magunia. Ni njia ya bei nafuu, ila uwanja huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu kufunika wakati wa mvua. Njia ya pili ni nyasi zilizokatwa pamoja na udongo wake, zikakunjwa kama mkeka. Hizi ni ghali na nzito, lakini uwanja hufunikwa siku hiyo hiyo. Kwenye mteremko, mkeka una faida kwa kuwa mvua haikuti udongo wazi.

Mwenye nyumba apime kwanza. Urefu mara upana hutoa mita za mraba. Kwa mkeka, aongeze sehemu 5 katika kila 100 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa pembeni. Kwa vipandikizi, asikubali bei ya gunia peke yake, maana magunia hayalingani na mengine hushindiliwa nusu tu. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: gunia hili litapanda mita ngapi za mraba, kwa nafasi gani kati ya mstari na mstari? Hapo bei za wauzaji wawili zinaweza kulinganishwa.

Nyasi zenyewe zikaguliwe kabla ya kulipa. Mkono uingizwe katikati ya gunia au mkunjo. Pakiwa na joto na harufu ya kuoza, nyasi zimekaa sana. Mizizi iwe myeupe na yenye unyevu. Mkeka ushikwe pembe moja na kuinuliwa. Ukivunjika vipande, ulikatwa kabla haujashikana. Udongo chini yake uwe wa unene wa sentimita 2 au 3.

Kisha atafutwe adui mkubwa, ndago. Ndago hufanana na nyasi, lakini shina la ua lake lina pembe tatu na mtu akilisokota kati ya vidole atazihisi. Chini ya udongo kuna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi. Kukata juu hakuidhuru, na kiazi kimoja kinatosha kuanzisha koloni. Mkeka wenye ndago usinunuliwe hata kwa nusu bei, kwa sababu itamchukua mwenye nyumba miaka kuiondoa.

Swali jingine la lazima ni zilikotoka. Nyasi zisiwe zimechunwa kwenye hifadhi ya barabara, uwanja wa shule au ukingo wa mto. Palipochunwa hubaki udongo mtupu, na mvua ya kwanza huuchukua. Anayenunua nyasi hizo analipia bustani yake kwa mmomonyoko wa jirani. Muuzaji halali ataonyesha kitalu chake bila kusita.

Kama fundi ndiye atakayeleta na kupanda, makubaliano yaandikwe hata kwenye ukurasa wa daftari: aina ya nyasi, idadi ya mita za mraba, bei kwa kila mita, siku ya kuleta, na nani atabeba gharama ya sehemu zitakazokufa mwezi wa kwanza. Malipo yafanywe kwa awamu kwa njia ya simu, ili kila mmoja awe na ushahidi. Mpangaji naye apate kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Kutayarisha udongo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi kubwa ya bustani ya nyasi hufanyika kabla nyasi hazijafika.

Kwanza ziondolewe taka za ujenzi. Karibu na nyumba mpya hufukiwa mabaki ya saruji, chokaa, kokoto, misumari na mifuko. Nyasi zilizopandwa juu yake hubaki na mabaka yasiyoeleweka. Halafu udongo ulimwe kwa jembe au uma hadi sentimita 15. Pakiwa pana mwamba wa matumbawe karibu na juu, udongo uongezwe hadi upate kina hicho. Mchanga wa ufuoni usitumike kusawazishia: una chumvi, na kuuchota kunadhoofisha ufuo.

Ardhi ya kichanga haishiki maji wala chakula cha mmea. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri au mboji. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita 2, kisha ichanganywe na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Udongo wa mfinyanzi nao, kama ule unaotuamisha maji, hunufaika na mboji ile ile.

Mahali penye ndago, mwenye nyumba asiwe na haraka. Amwagilie uwanja mtupu, asubiri wiki mbili au tatu magugu yaote, ayachimbue pamoja na viazi vyake, kisha arudie. Kurudia mara mbili au tatu kabla ya kupanda ni rahisi kuliko kupambana nayo ndani ya nyasi.

Mwisho uwanja usawazishwe kwa reki, ukiachiwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba. Maji yakituama, mizizi huoza na mbu huzaliana. Kwa mkeka, udongo uwe chini ya kijia kwa sentimita 2 au 3. Umwagiliwe, uachwe ushuke, ukanyagwe, na mabonde yajazwe. Unyayo ukizama zaidi ya sentimita moja, udongo bado umelegea.

Siku ya kupanda

Wakati bora ni mwanzo wa masika, mvua zikishatulia, au mwanzo wa vuli kwa mwenye maji ya akiba. Nyasi zifike asubuhi na zipandwe siku hiyo hiyo. Zikisubiri, ziwekwe kivulini na kunyunyiziwa maji.

Kwa mkeka, udongo ulowanishwe kidogo. Kamba ivutwe kando ya kijia au ukuta ulionyooka, na mstari wa kwanza uifuate. Mstari wa pili uanze kwa nusu kipande, ili viungo vipishane kama fundi anavyopanga matofali. Vipande visukumwe vikutane bila kupandana na bila kuvutwa, kwa sababu kilichovutwa kitanywea na kuacha ufa. Anayepanda apige magoti juu ya ubao, asikanyage udongo uliosawazishwa. Kwenye mteremko, vipande vilazwe kukingama na vishikiliwe kwa vijiti. Nyufa zijazwe udongo uliochekechwa, kisha mkeka ushindiliwe kwa ubao ili mizizi iguse udongo. Maji yafuate mara moja. Mtu asingoje kumaliza uwanja mzima ndipo anyweshe kipande cha kwanza.

Kwa vipandikizi, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Ichorwe mifereji midogo yenye nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Vifundo viwili vifukiwe, ncha yenye majani ibaki nje, na udongo ukandamizwe kwa mguu. Anayetaka kuokoa fedha anaweza kupanda nusu ya uwanja mwaka huu, na mwaka ujao akachukua vipandikizi kutoka bustani yake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Wiki za mwanzo

Wiki mbili za kwanza ndizo za kufa na kupona. Udongo usikauke. Siku isiyo na mvua, nyasi mpya zinyweshwe asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Pembe ya mkeka iinuliwe kuona kama unyevu umefika chini. Juu panaweza kuonekana pamelowa kumbe chini ni pakavu. Watoto, kuku na mbuzi wazuiwe.

Kuanzia wiki ya tatu, maji yapunguzwe mara lakini yaongezwe wingi. Nyasi zinazopewa maji kidogo kila siku huweka mizizi juu juu, na jua la siku mbili huziangusha. Zinazopewa maji ya kutosha mara mbili kwa wiki hushusha mizizi. Kwenye mchanga mtupu, mara tatu. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla jua na upepo havijayachukua.

Nyasi zikatwe kwa mara ya kwanza pale zinapovutwa kwa mkono zikakataa kung'oka, kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne. Kanuni ni moja: isikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukoka na paspalamu ziachwe sentimita 3 hadi 4, na nyasi za Pemba sentimita 5 hadi 8. Kiangazi ziachwe ndefu zaidi, maana jani refu hukinga udongo. Iwe ni fyekeo au mashine, makali yawe yamenolewa, na vipande vifupi viachwe pale pale virutubishe udongo.

Majani yakiwa ya manjano ingawa maji yapo, huenda ni ardhi ya matumbawe inayozuia mmea kupata madini ya chuma. Kabla ya kununua mbolea yoyote, mwenye nyumba amwone afisa wa kilimo wa wadi yake na aulize namna ya kupima udongo. Mbolea ya dukani iliyowekwa kwa kubahatisha huunguza nyasi, na mvua huipeleka visimani.

Kwa kumalizia

Mkazi anayefikiria kupanda nyasi masika haya aanze kwa mambo matatu ambayo hayagharimu chochote. Ahesabu mitungi atakayoweza kutoa Januari. Aonje maji ya kisima chake. Achimbe shimo la sentimita 15 katika pembe nne za kiwanja aone kilichomo. Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia apande nyasi gani, na kwa ukubwa gani. Pengine yatamwambia apande mita 20 badala ya 100, au aanze na mifereji ya paa mwaka huu na nyasi mwaka ujao. Akisikiliza majibu hayo, fedha zake zitabaki ardhini zikiwa hai, na tangi lake litabaki na maji ya kunywa.